Sasa Wanalitaka Jina Lako

Mama,

Mjukuu wako amezaliwa. Ni msichana, mzima, mwenye nywele nyingi mpaka wauguzi walikuwa wakiitana waje wazione, na hadi leo hana jina. Kila anayeingia humu ndani anamwita "huyu" au "katoto", kama kifurushi kilichoachwa stendi kikimsubiri mwenyewe. Jina lake ni lako, wewe unajua na mimi najua. Lakini tangu ujauzito uonekane walikuwa hawalitaki. Sasa, ghafla, wanalitaka. Na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nakuandikia nikiwa chumbani kwetu Majimbo, hapa Embu mjini, kiti nimekiegemeza mlangoni. Mama mkwe yuko jikoni anakoroga uji. Uji wake ni mtamu, siwezi kumsingizia. Lakini kila mwiko unaponyamaza najua amesimama kusikiliza kama nimelala au nafanya nini. Unanijua, Mama. Ulikuwa ukisema nilizaliwa na jicho moja wazi, na ulikuwa ukisema huku unacheka, maana sote tulijua nimelirithi kwa nani.

Sina mwingine wa kumweleza haya kwa utaratibu. Njeru ni mume mzuri, lakini ukimwambia jambo refu anaanza kutafuta mahali pa kulikatia.

Nianze na jina. Huku Embu ni kama kwetu Meru: msichana wa kwanza ni wa nyanya wa upande wa baba, wa pili ni wa upande wa mama. Wa kwanza tulimpa jina la mama mkwe, Wanja, na ulikuwepo, uliona. Uliona jinsi yule mwanamke alivyompokea mtoto akamwamkia kama mtu mzima: "Wajina, umefika? Na umechelewa!" Mpaka leo akiumwa na goti anamuuliza Wanja mdogo kama lake pia linauma, na mtoto, ambaye ni mjanja, anasema linauma ili anunuliwe mandazi. Njeru akitaka kutoka jioni anamwomba ruhusa binti yake, "Mami, naenda kidogo," maana huyo ni mama yake. Watu wa mbali watasema ni mchezo. Si mchezo. Mtoto akipewa jina la mtu huku kwetu, anakabidhiwa pia mtu mwenyewe, mwendo wake na hasira zake, na hata yale ambayo watu hawakumaliza kumwambia.

Ndiyo maana waliogopa. Mama mkwe alisema waziwazi, juu ya sufuria ya githeri, bila kupunguza sauti: "Kendi, mimi sina ubaya na mama yako, Mungu amuweke mahali pema. Lakini ile shida ya kichwa huwa inafuata jina. Huyu mpatieni jina ingine. Ata Blessing ni jina." Njeru akaangalia sahani yake. Baadaye akaniambia, "Si ati nakataa, nasema tu tufikirie." Simwamini mtu anayesema tufikirie na yeye ameshafikiria.

Haikupita muda nikaenda kliniki ya wajawazito, na muuguzi, ambaye hajawahi kukutana na mama mkwe, akaniuliza bila kuinua macho: "Mum, kwenu kuna mtu ameugua akili? Hizi vitu zinatembeanga na damu." Huyu anasema zinatembea na damu, yule anasema zinatembea na jina. Mmoja amevaa sare, mwingine amejifunga leso kiunoni, na neno ni lile lile. Nilimuuliza anataka kujua kwa nini. Akaandika kitu, na mimi mtu akiandika kitu bila kunijibu, sipendi.

Sasa nikukumbushe wewe mwenyewe, maana wamekusema sana. Kuna wakati naogopa nitasahau ulivyokuwa na nibaki nikikumbuka walivyokusema.

Ulikuwa ukiamka kule kwetu Ruiri kabla ya wote, unaingia kwa ng'ombe, na kabla hujagusa ndoo unawapitishia vidole viwili chini ya masikio, mmoja mmoja, unabonyeza taratibu ukitafuta uvimbe. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, huanzia hapo; ukiuwahi uvimbe, umemwahi ng'ombe. Nilikuuliza siku moja kwa nini ufanye hivyo kila asubuhi hata wakiwa wazima. Ukanijibu, "Ng'ombe hana mdomo ya kuniambia. Lazima nimshike." Sasa nauza dawa za mifugo hapa mjini, nimejifunza majina marefu ya dawa za ndigana, na bado mkulima akija na shida swali langu la kwanza ni lako: umemshika chini ya sikio?

Halafu ukaanza kuugua. Ulikonda. Ulikosa usingizi. Julai ya Ruiri, upepo ule wa mlimani unaoingia mpaka kwenye meno, wewe unafungua dirisha na kutupa blanketi, unasema unaungua. Mikono ikawa inatetemeka, maziwa yakawa yanaanguka kando ya ndoo. Ukasema kuna mtu anakuja usiku kukukaba shingo. Ukaanza kufunga kile kitambaa cha kijani cha akina mama wa kanisa, asubuhi mpaka usiku, na tulipokuuliza ukasema unaficha alama za vidole vyake. Tukatazamana. Tukasema basi, kichwa kimeenda.

Siku za kliniki tulishukia Makutano tukatembea, wewe ukishika upande wa kuta za maduka kwa sababu madereva wa malori, ulisema, wanalijua jina lako. Daktari wa akili hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti ya chini na wagonjwa wengi. Alikuuliza kama unasikia sauti. Alikuuliza ni nani anayekukaba. Alikuuliza anakukaba kwa nini. Mama, nimekaa na maswali yale miaka hii yote, nikiyachambua kama maharagwe yenye mawe, na ni juzi tu nilipoona lililokosekana. Hakukuuliza ni wapi. Hakusema, hebu toa hicho kitambaa nione.

Na pasta naye vivyo hivyo. Yeye aliuliza jina la pepo. Daktari alikuwa na jina lake na pasta alikuwa na lake, na walibishana kupitia kwetu, mmoja akitaka tupunguze mikesha, mwingine akitaka tupunguze vidonge. Lakini kwa jambo moja walikubaliana kabisa: kwamba ukisema shingo, humaanishi shingo. Wakishasema mtu ni mgonjwa wa akili, mwili wanamnyang'anya. Ng'ombe hana mdomo, kwa hivyo tunamshika. Wewe ulikuwa na mdomo, na hakuna aliyekushika.

Na sisi watoto? Nani kwetu angemvua mama yake kitambaa mbele ya mwanamume mgeni? Ungesema hukutulea. Heshima ilikaa pale shingoni pako imefungwa fundo, na kila mtu akapita kando yake kwa adabu.

Nifike kwa ile chai, maana utaniuliza. Siku watu wa Njeru walipokuja Ruiri kwa mazungumzo ya mahari, ulichemsha chai ya maziwa matupu, vile ulivyokuwa ukiichemsha, mpaka inakuwa na rangi ya udongo wa shambani. Walipoondoka ukaketi kizingitini ukasema, "Yule mama hakunywa chai yangu. Ameimwaga nyuma ya tangi." Tulikuambia uache. Tulikuambia kikombe kilirudi kitupu, tumekiona. Ukasema, "Kitupu ndio. Lakini hakuinywa." Njeru alimpigia mama yake simu, naye akaapa aliinywa yote na akaisifu. Tata Gakii, dada yako, akamfikishia daktari habari hiyo kwa nia njema, kwamba sasa unawashuku mpaka wakwe, na dawa ikaongezwa. Ulilala msimu mzima wa kupanda. Majirani ndio waliotupandia maharagwe. Ulipokuwa ukiamka ulisema kwa sauti ya chini, "Nyuma ya tangi," kisha unalala tena.

Ulimwahi Wanja akipewa jina, halafu ukafa. Asubuhi, kwa ng'ombe, mkono ukiwa bado kwenye hori. Moyo ulisimama, walisema, na matangani watu wakawa wanaambiana, maskini, kichwa kimemmaliza. Sikuwaamini. Kichwa hakimwangushi mtu aliyesimama na ndoo. Lakini nilihudumia wageni.

Sasa sikia. Ujauzito huu ulipofika miezi ya mwisho nilianza kuungua. Moyo unakimbia na mimi nimekaa. Mikono inatetemeka nikimpimia mtu dawa ya minyoo dukani, mpaka wateja wakawa wananitazama. Usingizi hakuna. Na shaka, Mama, shaka! Nilishuku uji una harufu. Nilishuku Ruguru, mwenzangu wa duka, anawaficha wateja ili niachishwe kazi. Simu ya Njeru nilishuku ikilia, na ikinyamaza nilishuku zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawa najiambia kutwa nzima. Kisha siku moja nikajikuta nimeinua mkono kushika koo. Nikasema, imefika. Haikungoja jina, imenikuta mimi njiani. Niliogopa sana. Niseme lilivyo, kwa sababu wewe hukupenda mtu azunguke: niliogopa kuwa wewe.

Daktari niliyempata huku Embu ni msichana, angekuwa mdogo wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya sauti, na majibu yangu yote yalikuwa ya uongo. Hakuyauliza. Aliniangalia nilivyokaa, akaniangalia mikono, akasema, "Toa hiyo scarf kidogo. Haya, meza mate." Akaweka vidole viwili shingoni mwangu, akabonyeza taratibu, kushoto, kulia. Mama, nililia. Alidhani ameniumiza, akaondoa mkono haraka, na mimi nikaushika nikaurudisha.

Ni tezi. Iko hapa mbele ya koo, ndogo tu, na ikifanya kazi kupita kiasi moyo unakimbia, mwili unaungua, mtu anakonda, usingizi unapotea na hofu inaingia. Wengine, alisema, wanaanza kushuku mpaka watoto wao. Akapima damu, damu ikakubali. Nikamweleza habari zako zote, kitambaa na dirisha na maziwa kando ya ndoo. Akasema, "Siwezi sema juu ya mama. Hakuna mtu alimpima. Inaweza kuwa ni hiyo, inaweza kuwa ni akili, inaweza kuwa zote mbili zilikuwa zinasukumana." Nikamuuliza, na hiyo akili yenyewe iko wapi, kama si mwilini? Akacheka. "Hiyo swali ni ya watu wa philosophy, madam, na mimi niko na line mpaka kwa gate." Nilimpenda kwa hilo. Katika wote walioshughulika na mambo yako, huyu ni wa kwanza kusema hajui.

Nilimpigia tata Gakii, kwa sababu yeye ndiye aliyekuvisha kule mochari. "Eeh, shingo ilikuwa imefura," akasema. "Tulifikiria ni hiyo kifo." Mficha maradhi kilio kitamuumbua, wanasema Waswahili. Kwako kilio kilikuja, kikaumbua, na bado hakuna aliyetazama.

Tangu hapo nimekuwa nikimeza vidonge, na nimeona mambo ambayo wewe tu ungeyaelewa. Wiki zilivyopita moyo ulitulia, na maadui wangu wakaanza kupungua. Ruguru hakuwa anamficha mteja yeyote. Alikuwa akiwahudumia yeye ili mimi nipumzike. Simu ya Njeru ilikuwa ni mpira tu, anabishana na wenzake kuhusu mpira. Niliona aibu. Lakini mama mkwe! Nilimngoja apungue pamoja na wengine, hakupungua. Nilimeza vidonge vyangu kama nilivyoagizwa, na bado alikuwa hataki jina lako. Kwa hivyo nimejifunza kwamba shingo inaweza kuugua na bado uwe na mtu anayekusema. Hayo mawili hayakatazani. Mbona wewe hakuna aliyekuruhusu uwe nayo yote mawili?

Nikinyonyesha nawaza. Kama kidonge kimeweza kuniondolea shaka, ile shaka ilikuwa yangu au ya tezi? Nikisema ni ya tezi, basi mapenzi je, na imani, na huku kukukosa kunakonibana kifuani kila nikimwona mwanamke mwenye kitambaa cha kijani? Watapata kidonge cha hilo pia? Wasinipe. Na nikisema ilikuwa yangu, mbona imeondoka bila kuniaga? Daktari wako wa akili alikuchukua kama nyumba ya vyumba viwili visivyo na mlango katikati, na yeye amepewa ufunguo wa kimoja. Mimi naona ni chumba kimoja, Mama. Hofu na damu zinalalia kitanda kimoja, na hakuna inayogeuka bila kuisukuma nyingine.

Lakini hata wanaotaka kuniambia kwamba sasa kila kitu ni tezi, siwaamini. Redio ya jirani ilikuwa inakutaja, ulisema, na ulisema hivyo hata kabla hujakonda. Siwezi kulisahau hilo kwa sababu tu halinifai.

Basi, kilichotokea ni hiki. Wiki hii Njeru, kwa furaha yake, amemweleza mama yake habari ya tezi na habari ya shingo yako. Nilikuwa nasikiliza, ilikuwa zamu yangu. Mama mkwe akapiga makofi. "Kumbe ilikuwa tu shingo! Si mngesema! Hiyo si wazimu, hiyo ni ugonjwa ya kawaida." Jioni hiyo hiyo akapiga simu huku na huku: akina mama waje Jumamosi waone mtoto, jina limepatikana, ni Kagendo, halina shida. Halina shida, Mama. Kama ng'ombe aliyepimwa na kuonekana anafaa kuuzwa.

Ningepaswa kufurahi. Ndicho nilichokitaka. Lakini nimekaa hapa na kiti changu mlangoni nikijiuliza: kama ingekuwa akili, jina lingebaki nje? Shingo inasamehewa na kichwa hakisamehewi? Na yule mama tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja kliniki, aliyekuwa akikushikia mkoba ukienda choo, ambaye pengine shingo yake haina kitu, wajukuu wake wote waitwe Blessing? Ninachotakiwa kufanya Jumamosi ni kukubali tu. Nikiitikia kwamba ni shingo, mtoto anapata jina. Nikisema ninachokijua, yaani kwamba sijui, pengine analikosa. Uji umeiva, naitwa. Nitaendelea.

Jumatatu.

Walikuja, Mama. Walijaa sebuleni mpaka koridoni, na thamosi zao za uji, na sukari, na kuku mmoja ambaye alikuwa hai na hakupendezwa na lolote. Wakawa wanampokezana mtoto. Mama mkwe akasimama, amependeza kweli, akasema kwa sauti ya mkutano: "Kendi, ambia hawa mama yako alikuwa anaugua nini, ndio jina iingie na amani." Alitaka niseme shingo. Wote walikuwa wanangoja shingo.

Nilimtazama Njeru pale mlangoni. Nikasema, "Sijui alikuwa anaugua nini. Alitibiwa akili. Pengine ilikuwa akili, pengine ilikuwa shingo, pengine ni zote. Hakuna mtu alimshika akaangalia. Mtoto anaitwa Kagendo, ikiwa ni kichwa ama ni shingo." Sauti ilinitetemeka, na safari hii haikuwa tezi.

Kuku peke yake ndiye aliyesema kitu. Nikanyoosha mikono nirudishiwe mwanangu, maana nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba wakilikataa naondoka naye kwenda Ruiri kwa tata Gakii. Lakini mtoto alikuwa amefika kwa mama mkwe, na hakunipa. Aliketi. Alimtazama kwa muda mrefu, akamfunika miguu vizuri. Kisha akafanya kile ambacho mtoto akishatajwa jina mkubwa lazima akifanye, na sijui kama alikusudia au kilimtoka tu. Alimwamkia.

"Kagendo," alisema. "Umefika."

Halafu, kama mtu anayejitoa mwiba: "Ile chai yako ya Ruiri sikuikunywa. Niliogopa. Walikuwa wameniambia wewe ni mgonjwa ya akili. Niliimwaga huko nyuma ya tangi. Na wewe uliniona. Tuliangaliana."

Mama.

Nyuma ya tangi.

Sikujua kama nimpige au nimkumbatie, nikabaki nimesimama na mikono yangu imenyooshwa vile vile. Njeru alitoka nje. Mimi nilikuwa nawaza ule msimu wa maharagwe, na vidonge ulivyoongezewa kwa sababu uliona sawasawa. Kuhusu redio sijui, na sidhani. Aliyekukaba simjui, pengine ni tezi, pengine ni kitu ambacho hakuna daktari wala pasta aliyekipatia jina lake. Lakini chai uliiona. Katika mambo yote waliyoyaita ugonjwa wako, moja lilikuwa ni macho yako tu, yanafanya kazi.

Usidhani nilimsamehe papo hapo. Nilienda jikoni nikachemsha chai ya maziwa matupu, nikaiacha mpaka ikapata ile rangi. Nikamletea kikombe kilichojaa, nikampokea mtoto. Hakuniuliza ni ya nini. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, akasema ndani kuna joto, akachukua kikombe akatoka nacho uani peke yake. Aliporudi alikuwa amekishika kitupu, na wanawake wakapiga vigelegele, na jina likaingia.

Nimalize, mtoto anaamka. Nakuahidi hili, na unajua siahidi ovyo. Kagendo akiniambia kitu kinamuuma, nitamuuliza ni wapi, na nitaweka vidole. Akiniambia kuna mtu hampendi, sitamkimbizia dawa. Nitaenda kwanza kuangalia nyuma ya tangi. Na siku akiwa mgonjwa wa kichwa kweli, maana hilo nalo laweza kuwa, ataendelea kuitwa Kagendo, na chai yake itanywewa.

Pumzika sasa, Mama. Fungua hicho kitambaa, hapo ulipo hakuna mgeni.

Na kuhusu ile chai, nisingekuandikia kwa kuona kikombe kitupu tu, hilo ulishanifundisha. Wageni walipoanza kuaga nilimbeba mtoto, nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya tangi letu nikainama kuangalia. Udongo ulikuwa mkavu.

Mwanao,
Kendi